Nimebeba Tandiko hadi Kipalapala

Jumapili, mwisho wa Septemba. Jua limezama likiwa limevaa vumbi, jekundu kama kitunguu. Upepo wa kiangazi umelala. Miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi, shingo imekakamaa, na moyo, shajara yangu, sijui nikuelezeje. Umetulia kama moyo wa mtu aliyeshinda. Nami leo nimeshindwa, tena mbele ya Gongoni nzima.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Anko Maganga, fundi wa siti za bodaboda. Kibanda changu kipo Gongoni, nyumba yangu ipo huku Kipalapala, ng'ambo ya mashamba ya seminari. Nusu ya makalio ya Tabora yamekalia kazi ya mikono yangu, na nusu nyingine imesimama kwa sababu bado haijanifikia. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Blogu hii alinifungulia mpwa wangu Nyamizi, mwalimu kule Urambo, alipochoka kunisikiliza kwenye simu. Alisema, "Mjomba, haya mambo ya farasi waandikie watu. Mimi nina darasa la tatu la kusikiliza."

Mambo ya farasi ndiyo haya. Napenda mashindano ya farasi ya siku tatu. Si zile mbio za kuzunguka uwanja kama kuku aliyepoteza vifaranga. Haya ni mengine. Siku ya kwanza farasi anapimwa adabu: anatembea, anageuka, anasimama, na mpandaji juu yake hata kidole huoni kikisogea. Siku ya pili anaingia nyika, anaruka magogo, mitaro, kuta na madimbwi, mbio moja toka mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu, akiwa amechoka, anaruka viunzi vya miti myepesi ambayo akiigusa tu inaanguka. Mpandaji yule yule, farasi yule yule, siku zote tatu. Anayeharibu kidogo kuliko wenzake ndiye mshindi.

Mimi nasema hayo ni maisha, ila wenzetu wameyawekea kamba pembeni.

Nilianza kwa tandiko. Nilikuwa natafuta picha za siti kwenye simu, nione mafundi wa nje wanashonaje, simu ikaniletea tandiko la farasi. Juu ya tandiko kuna binti amevaa kofia ngumu, chini ya tandiko kuna farasi jike wa kijivu, yuko hewani juu ya gogo, miguu ameikunja kama mtu anayevuka tope na nguo mpya. Nilisahau cherehani. Mteja alinisemesha mpaka akakasirika akaondoka. Farasi yule ana jina refu kama treni ya mizigo, mimi namwita Kijivu. Mwenye kumpanda namwita Binti wa Kofia. Tangu siku hiyo hajaruka kitu nisijue. Kama kuna mtu Afrika hii amemfuatilia Kijivu kuliko mimi, ajitokeze tupimane.

Tabora hakuna farasi.

Hawakuwahi kukaa, mbung'o waliwamaliza. Na hapo ndipo ukoo wetu unapoingia. Zamani za misafara mkubwa mmoja wa pwani alitaka kuingia Unyanyembe akiwa juu ya farasi, ili tumwone. Farasi akaumwa njiani, akaangukia porini upande wa Tura, hata Kigwa hakuiona. Wapagazi wote wakaogopa kuligusa tandiko, wakisema mnyama bado amekaa ndani yake. Babu wa babu yangu akalibeba kichwani hadi Tabora. Alilibeba juu ya mzigo wake wa kawaida, pembe ya tembo kila bega, ngoma tumboni, na kwenye mito alimpakia na mkewe. Mimi sikuwepo. Lakini tazameni shingo yangu.

Kwa hiyo nikishona mchana pale Gongoni, macho yako kwenye sindano lakini mwenyewe siko. Niko na Kijivu kwenye njia ya misafara. Tunaanzia Tura penye kichaka kinene, pale naweka gogo la kwanza. Tunateremka Kigwa, tunaruka tuta la reli huku treni ya kati ikisubiri na abiria wakitupungia kanga madirishani. Bwawa la Igombe tunalikata kwa pembeni, maji yanaruka hadi kwenye kofia ya Binti. Kwihara tunaruka ukuta wa tembe. Halafu tunaingia mjini kwa mwendo wa adabu, kwato zinapiga taratibu, na wapagazi wa zamani wamesimama kando na mizigo yao chini, wanaangalia tu. Huwa naamshwa hapo na mtu anayeuliza siti yake.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nina punda jike anaitwa Shangazi. Nilimpa jina hilo kwa sababu aliingia humu nyumbani akaanza kuamrisha. Anavuta mkokoteni wa maji na wa sponji zangu za siti. Na nina mtani wangu, Pazi, Mzaramo, alikuja na treni akiwa kijana, akaoa, akabaki. Yeye ana punda dume anaitwa Stesheni, kwa sababu akisimama hata kwa filimbi haondoki. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wanabeba mizigo hadi kwao pwani. Mtani anakutukana mchana kweupe na unacheka. Msibani anavaa nguo za marehemu na kumwigiza kutembea, na wafiwa wanamtunza. Kumkasirikia huruhusiwi. Kumkatalia ndiyo kabisa.

Mwezi uliopita kwenye benchi la kahawa nilikuwa nawaeleza watu habari za Kijivu. Pazi akaweka kikombe chini.

"Mtani, farasi wa watu kila siku. Wewe wa kwako yuko wapi?"

"Ninaye Shangazi. Ukoo wake ni wa misafara. Angezaliwa Ulaya leo mngemwona kwenye runinga."

"Shangazi yupi? Yule ambaye mmemfunga kamba shingoni? Wanyamwezi nyie, hata shangazi mnamfunga kamba."

Watu wakacheka, nami ulimi ukanitangulia. Nikatangaza mashindano ya siku tatu ya punda, sheria zile zile za Ulaya, ila sisi hatupandi, tunakimbia pembeni tumeshika kamba. Wikiendi ile ile ambayo Kijivu anashindana kwao, na sisi tunashindana kwetu. Zawadi nikasema nitashona tandiko, la kwanza kushonwa Tabora tangu dunia iumbwe. Pazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa upole wa mtani anayeandaa mtego, tandiko la nini kwa watu wasiopanda.

"La kubeba," akajijibu mwenyewe. "Atakayeshindwa alibebe kichwani, toka Gongoni hadi Kipalapala, akiimba. Kama babu yake. Si unasema mna shingo?"

Benchi zima likapiga makofi. Mzee Salumu muuza kahawa akateuliwa mwamuzi kwa sababu ndiye pekee ambaye hutukana kwa adabu.

Nililishona tandiko lile kwa mwezi mzima, baada ya siti za watu. Ngozi bandia nyekundu, mishono miwili miwili, sponji ya kukalia mfalme. Lilipokamilika nililitundika kibandani, na waliopita walishika kingo zake wakanyamaza. Pazi peke yake hakunyamaza. Alilinusa akasema, "Zuri. Litakukaa."

Ijumaa ilikuwa siku ya adabu. Salumu alitaka punda asalimu, asimame, azunguke kopo la rangi, arudi. Shangazi alisimama kama mama kiongozi wa kwaya. Stesheni alizunguka kopo vizuri, akarudi vizuri, kisha akakojoa mbele ya mwamuzi, mfululizo, mpaka watu wakasogeza viti. Huko Ulaya nako Kijivu alikuwa amecheza adabu yake, Nyamizi akanitumia kipande cha video. Binti wa Kofia alimaliza akamwinamia shingoni akamnong'oneza kitu. Nimekirudia kile kipande mara nyingi. Sijui alimwambia nini. Nadhani najua.

Jana Jumamosi asubuhi ilikuwa nyika. Tulitoka ukingo wa mji, tukapita mto mkavu, magogo ya mashamba, mfereji, hadi hapa Kipalapala. Waliokuja kutazama waliziba njia yote. Nasikia hata treni ilichelewa, lakini hilo siwezi kulithibitisha. Shajara, tulikimbia. Mimi na kitambi changu na Shangazi na masikio yake, tulikimbia kama tumetumwa na mtemi. Pale kwenye mfereji nilisita, yeye akaruka, akanivuta, nikajikuta ng'ambo. Nyuma nilisikia Pazi akimbembeleza Stesheni kwa Kizaramo, kisha kwa Kiswahili, kisha akawa anamwomba kwa jina la mama yake. Tulifika tumemwacha mbali.

Jioni niliomba jumba la kuonyeshea mpira watuwekee Kijivu kabla mechi haijaanza. Vijana wa mpira walikuja na makelele yao.

"Anko, goli liko wapi hapa?"

"Huyu wa kijivu anacheza namba ngapi?"

Kijivu akatoka. Akaruka gogo la kwanza, la pili, akaingia majini, akatoka majini, akapanda mlima wa majani mabichi akiwa mdogo kama shanga, na kwenye jumba lile, ambalo watu hupigana kwa sababu ya kona tu, kukawa kimya. Alipomaliza, kijana mmoja wa bodaboda aliyekaa mbele alisema polepole, "Huyu anaruka kama anakumbuka kitu." Sijawahi kusikia mtu akisema vizuri hivyo kuhusu kitu chochote. Nitamshonea siti yake bure na asiniulize kwa nini.

Kijivu anaongoza kwao. Shangazi anaongoza kwetu. Nilirudi nyumbani njia nzima sikugusa ardhi.

Leo alfajiri simu ikalia. Ni ujumbe wa Nyamizi. "Mjomba pole. Kijivu ameondolewa na mpandaji wake mwenyewe kabla ya ukaguzi wa asubuhi. Hawajasema zaidi."

Niliisoma nikiwa nimesimama uani na mswaki mdomoni. Nikakasirika, nisiseme uongo. Mtu anaongoza! Vimebaki viunzi tu, miti myepesi, farasi jana alikuwa anapaa. Nilimwambia mke wangu, Mama Kulwa, aliyekuwa anapepeta mchele, kwamba binti yule ni mwoga, hakustahili farasi yule, na mimi ningekuwa mahali pake ningeruka hata macho yamefungwa.

Mama Kulwa hakuacha kupepeta.

"Mtu anayeongoza hajiondoi kwa woga. Huyo amesikia kitu."

"Amesikia nini?"

"Mimi nitajuaje? Farasi ni wako."

Nieleze hapa ukaguzi ni nini. Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya viunzi, kila mpandaji huvaa nguo zake nzuri, akamshika farasi wake na kukimbia naye pembeni, kwenye ardhi ngumu, mbele ya daktari wa wanyama. Hakuna tandiko, hakuna kuruka. Wanatazama tu anavyokanyaga. Mimi nilikwishapanga kumfanyia Shangazi hivyo hivyo leo, kwa fahari tu, na shati langu la kanisani nikiwa nimelipiga pasi. Nikasema hata kama Binti amekimbia, mimi sitakimbia. Nikavaa. Nikamtoa Shangazi hadi kwenye lami, kengele ya misa ya kwanza ikiwa bado haijapigwa. Mama Kulwa nikamfanya daktari, akasimama na ungo wake.

Tukaenda mwendo wa telki, ule wa haraka usiofika mbio.

Jamani, mimi kazi yangu ni cherehani. Nimekaa na cherehani muda mrefu kuliko nilivyokaa na binadamu yeyote. Sindano ikiruka mshono mmoja naisikia hata kama nabishana na mteja na redio imewashwa. Kwato za Shangazi kwenye lami zilikuwa zinashona vizuri, vizuri, vizuri. Halafu zikaruka mshono.

Nikadhani ni jiwe. Nikamgeuza, tukarudi. Vizuri, vizuri, zikaruka tena. Mguu wa mbele wa kulia.

Mama Kulwa akasema, "Anakwenda vizuri tu." Kwa macho alikuwa anakwenda vizuri tu. Kichwa alikuwa amekishika juu kama kawaida yake ya kiburi. Nikachuchumaa nikashika juu ya ukwato. Kulikuwa na joto. Si la kuunguza, ni kama kikombe cha chai ambacho mtu amekisahau. Nadhani ni ule mfereji. Pale niliposita, yeye akaruka kwa ajili ya wawili.

Nilikaa pale kando ya lami na shati langu jeupe, waumini wakaanza kupita. "Mwangaluka, Maganga." Naitikia. Ndani nilikuwa napiga hesabu za kishetani. Kiwanja cha Gongoni ni mchanga, na mchanga hauna sauti. Salumu anajua kahawa, kwato hazijui. Miti ya viunzi iko chini, haifiki magoti. Na huko ningemfikisha kwenye kirikuu cha jirani, kile kigari cha mizigo, hata asitembee. Dakika chache tu, shajara. Dakika chache na Pazi anabeba tandiko, na mimi naimbwa Gongoni hadi nife. Kuna wanaume wamefanya makubwa zaidi kwa sifa ndogo zaidi.

Nikamkumbuka Binti wa Kofia. Naye kumbe alikaa mahali asubuhi hii, kwenye baridi yao, mkono wake uko juu ya ukwato, na hakuna mwingine aliyesikia.

Nikamwomba msamaha. Kwa Kinyamwezi, kwa sababu Kiingereza changu hakitoshi.

Saa tisa alasiri nilikwenda Gongoni peke yangu. Uwanja umejaa, viunzi vimepangwa juu ya makopo ya rangi, Stesheni amefungwa utepe. Pazi akanitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama tena nyuma yangu zaidi.

"Shangazi yuko wapi, anajipamba?"

"Yuko nyumbani. Nimemwondoa, mtani."

"Umemwondoa wapi?"

"Kwenye mashindano. Ana mguu."

"Jana huo mguu ulinipigia vumbi mpaka leo natema matofali."

"Ndiyo huo huo."

"Tulikuwepo wote. Nani amemwona akichechemea? Salumu, wewe umemwona?"

Salumu akasema yeye hajaona kitu, ila na macho yake siku hizi hata wadeni hawaoni.

Watu wakaningojea. Nami ulimi wangu, nakwambia, ulikuwa tayari. Ulikuwa umeshaandaa fisi. Fisi mkubwa kama ndama, kavamia zizi, Shangazi kampiga teke, mimi nimemkaba fisi kwa mkono huu. Ingekuwa hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa na ingenitoa pale na heshima. Nilifungua mdomo fisi atoke.

"Anaruka mshono," nikasema. "Mmoja tu. Hamuwezi kuusikia. Mimi nimeusikia."

Mimi na Pazi tumejuana miaka mingi, na sidhani kama aliwahi kunisikia nikisema sentensi fupi. Kuna kitu kilipita usoni mwake, lakini mtani haruhusiwi kukuonea huruma hadharani. Huruma ya mtani ni tusi. Akajikohoza, akanyoosha mkono kuelekea kibandani kwangu.

"Haya, Mnyamwezi. Mzigo wako ule. Inama."

Wakanitwisha. Hao hao niliowashonea siti ndio walionitwisha, na walifurahi kwa moyo wote. Pazi akaanza wimbo wa wapagazi, ambao haujui, akawa anaubuni njiani: kwamba Wanyamwezi walizaliwa na kata ya kubebea mizigo kichwani, kwamba mama zetu walitupima shingo kabla ya kutupa majina. Ilinibidi niitikie. Niliitikia. Wanawake walitoka madukani. Kuna mtu alipiga filimbi. Mpaka barabara ya Kipalapala walinisindikiza, wakapungua, wakapungua, mwishowe tukabaki mimi na Pazi na jua la jioni, naye sauti ikawa imemkauka.

Hapo ndipo ilipoanza, na hii sijui kama nitaieleza sawasawa.

Tandiko ni zito. Hilo sikulijua nikiwa nalishona. Linakaa kichwani limekufunika masikio, na ndani ya masikio yaliyofunikwa unasikia vitu. Harufu ya ngozi bandia na gundi ikawa harufu nyingine, ya majani mabichi na jasho la mnyama. Vumbi lilikuwa limesimama hewani, la rangi ya dhahabu, na ndani yake niliona watu wakitembea pande zote mbili za barabara, wengi, mstari mrefu usio na mwisho, mizigo vichwani, hawana haraka. Hakuna aliyenicheka. Mmoja mbele yangu alikuwa na shingo kama yangu.

Hadithi ya mzee yule nimeitoa maisha yangu yote, nikimwongezea pembe kila mwaka. Sijawahi kujiuliza alikuwa anafikiri nini. Wenzake waliogopa tandiko kwa sababu mnyama bado amekaa ndani. Labda na yeye alilijua hilo. Labda ndiyo sababu hasa alilibeba, ili yule farasi aliyeangukia Tura aione Tabora.

Nyuma yangu nikasikia kwato. Taratibu, sawasawa, hazijaruka hata mshono. Sikugeuka. Nilijua ni Kijivu, hana tandiko, hana mtu mgongoni, amekuja kunyoosha miguu. Tulikwenda naye hivyo kipande kirefu. Sasa aliye na akili zake aseme ilikuwa ni pikipiki imezimwa inasukumwa, mimi sitabishana naye.

"Mtani," Pazi akasema, "umeacha kuitikia."

"Endelea. Nasikiliza."

Tulipoufikia mti wa kwanza wa seminari, Shangazi akalia. Alilia kutoka uani, ule mlio wake wa bomba lililopasuka, akiniita, au akidai chakula, vyovyote. Pazi akaniacha barabarani na mzigo wangu, akaingia uani bila hodi, akachuchumaa akaushika mguu. Alikaa hivyo akiwa ameinamisha kichwa.

"Una moto kweli," akasema. Kisha, akikumbuka yeye ni nani, "Mnamfunga shangazi kamba, halafu mnamrusha mfereji. Mama Kulwa, nipe maji ya chumvi, huyu mumeo namna hii atakuua na wewe."

Akamkanda. Akaagiza majani ya mbarika, akayababua motoni, akamfunga nayo kwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye tandiko. Shangazi, ambaye hata mimi huniuma nikichelewesha pumba, alimwekea kidevu begani. Alipomaliza Pazi alinawa, akanitukana ukoo mara ya mwisho, akamkamata jogoo wangu kwa miguu, akaondoka naye. Hiyo ni haki ya mtani na sina pa kushtaki.

Sasa giza linaingia. Tandiko nimelitundika ukutani juu ya mlango, linang'aa kidogo. Kabla sijaandika haya niliitazama picha aliyonitumia Nyamizi: Kijivu yuko bandani kwake, mguu umefungwa bandeji, anakula, na Binti wa Kofia amekaa sakafuni kwenye majani makavu, hana kofia. Nywele zake zimevurugika. Ni mtoto tu.

Nataka iandikwe, kwa watakaokuja kubisha: Tabora nzima, tangu misafara hadi leo, hajatokea mwanamume mwingine aliyejiondoa kwenye mashindano akiwa anaongoza. Ni mimi peke yangu. Na shingo haijavunjika.

Kesho maji nitayavuta mwenyewe, na keshokutwa, mpaka mguu upoe. Majirani watacheka, waache. Mzee wetu alibeba tandiko la mnyama aliyebaki porini. Mimi nimebeba la mnyama aliyenililia mlangoni.

Ila wewe, Binti, leo nani amekubebea la kwako?